Mboya Hakuwa na Zoom

Wasee, wacha kwanza niwaambie kilichonipata mwezi wa tatu, halafu tuingie kwa historia. Mtaona zinashikana.

Nilikuwa kwa keja yangu Kahawa West, ghorofa ya nne, nimevaa shati jeupe na tai. Hiyo ni juu. Chini nilikuwa na kaptula ya mpira na malapa. Laptopu nimeipandisha juu ya sufuria mbili zilizopinduliwa ili kamera inifikie machoni, na nyuma yangu nimetundika leso ya mathee kuficha ukuta ulioshika ukungu. Upande wa pili wa Zoom kulikuwa na maprofesa watatu wa chuo kimoja cha mashariki mwa Marekani. Mimi nilikuwa naomba nafasi ya uzamili, na nafasi yenyewe ilikuwa na pesa ndani yake, kwa hivyo haikuwa mchezo. Kwao ilikuwa saa nane mchana. Kwangu saa tatu usiku.

Dakika ya kumi na saba, profesa mmoja ametoka tu kuniuliza mbona nataka kusomea usambazaji wa maji mijini, stima ikapotea.

Ploti nzima ikasema "aaaa!" kwa pamoja, vile huwa. Waifai ikaenda na stima. Nikawasha hotspoti ya simu, simu yenyewe ina chaji asilimia 22, nikabisha kwa jirani wa mlango unaotazamana na wangu nikamwomba anishikie tochi ya simu yake. Akaja na shuka mabegani, akasimama nyuma ya laptopu kama wale watu wa kushika taa kwa harusi. Niliporudi hewani zilikuwa zimepita dakika nne. Kwa kale kadirisha kangu niliona meno, miwani na kipande cha shati. Profesa, kwa upole kabisa, akaniuliza: "Huko kwenu mambo huwa hivi kila wakati?"

Nikajibu: "Hapana, ni leo tu."

Manze, nilidanganya. Ploti yetu hupata maji siku mbili kwa wiki, na stima hupotea ikitaka. Hiyo ndiyo sababu nzima ya mimi kuomba kusomea hayo mambo. Jibu la swali lake la kwanza lilikuwa limesimama mbele yangu na tochi mkononi, na mimi nikalificha vile nilivyoficha ukuta.

Kesho yake nikaeleza mkasa kwa grupu ya familia. Anko mmoja akajibu haraka sana: "Nyinyi vijana mna bahati. Mnahojiwa na Wazungu mkiwa kitandani. Enzi zetu hiyo ilikuwa ndoto." Watu saba wakaweka kidole gumba. Sikujibu, kwa sababu anko ni anko. Lakini ile sentensi ilinikwama kooni, na ndiyo imenifanya nikae chini na vitabu nione hizo enzi zilikuwaje kweli.

Kitu cha kwanza: Mkenya kupimwa na mtu aliye mbali si mambo ya korona. Ni kitu ya zamani sana. Wanafunzi wa shule za upili za ukoloni walifanya mtihani wa Cambridge. Unaandika insha yako Kikuyu, Maseno au Mang'u, karatasi zinafungwa, zinapakiwa melini, na mtu ambaye hajawahi kuonja vumbi la shule yenu anazisahihisha Uingereza. Wewe unangoja miezi. Ukipita vizuri, unaangalia Makerere, ambayo katika miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa inatoa digrii Afrika Mashariki, na hata hiyo digrii ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Nafasi zilikuwa za kuhesabu. Wengi waliopita mtihani walibaki bila pa kwenda.

Kwa hivyo wachache wakaanza kuruka ukuta. Mbiyu Koinange aliondoka Kenya mwaka 1927 akaenda Hampton Institute kule Virginia, baadaye Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Lakini tusidanganyane, babake alikuwa chifu Koinange, mtu wa mashamba. Si kila kijana wa Kiambu alikuwa na baba kama huyo. Julius Gikonyo Kiano alifuata baada ya Vita vya Pili. Akapitia Antioch, Stanford, na mwaka 1956 akatoka Berkeley na digrii ya uzamifu, Mkenya wa kwanza kuipata. Huyu Kiano mshikeni vizuri, tunarudi kwake.

Halafu Tom Mboya. Sanamu yake iko pale Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, na tunapita hapo kila siku tukikimbilia matatu bila kuinua macho. Kitu hawatuambii shuleni ni kwamba Mboya mwenyewe hakuwa na digrii. Alitoka Mang'u kwa sababu ya karo, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya, na masomo yake ya ng'ambo yalikuwa mwaka mmoja tu pale Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956. Huyo ndiye alizunguka Marekani mwaka 1959 akihutubia vyuo na vyama vya wafanyakazi, akiombea watoto wa wenyewe nafasi za kusoma.

Nafasi zilipatikana. Shida ikawa nauli. Kijana ana barua ya chuo mkononi, chuo kimemsamehe karo, na hana njia ya kufika. Mboya na rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman wakaunda shirika huko New York, African American Students Foundation. Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakaweka sahihi kwenye barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilipokataa kulipia safari, Mboya akaenda kumwona seneta John Kennedy, Julai 1960, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kati ya 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walivuka hivyo. Hapo mjue wakoloni walikuwa wamekasirika, wakisema digrii za Marekani ni hafifu. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa anasukuma vijana wake upande wa pili, kupitia Cairo hadi Urusi na Ujerumani Mashariki, na hao njia yao ilikuwa ngumu zaidi. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sasa hapa ndipo nataka mpunguze mwendo.

Chuo kidogo cha Kansas kilijuaje kwamba kijana wa Nyeri anafaa? Hakikumwona. Hakikusikia sauti yake. Kilichokuwepo ni barua, na watu wa katikati. Wanafunzi wa zile ndege walichujwa hapa hapa, na waliokuwa wanachuja ni Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri. Kiano na Njiiri walikuwa wamesomea Marekani wenyewe. Fikiria hiyo meza. Unaingia na viatu vya kuazima, na anayekuuliza maswali anajua barabara uliyotoka nayo. Ukisema ulikosa shule mwaka mzima, haulizi kama wewe ni mvivu. Hii ni Kenya iliyotangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952, ikakaa nayo hadi Januari 1960. Anajua mwaka mzima unaweza kupotelea wapi. Na upande wa pili anajua baridi ya kule, ubaguzi wa kule, chakula cha kule. Akikuangalia anapima kama utaweza. Akiandika jina lako, chuo kinaamini kwa sababu kinamwamini yeye.

Tazama wengine wa kizazi hicho utaona mtu wa katikati kila mahali. Wangari Maathai alimaliza Loreto Limuru 1959, na ni Kanisa Katoliki lililomtafutia nafasi, akaenda 1960 kwa masista wa Mount St. Scholastica mji wa Atchison, Kansas. Kutoka hapo alipanda hadi uzamili pale Pittsburgh. Barack Obama mkubwa, babake rais, hakuwa hata kwa ile ndege ya 81. Alikuwa karani Nairobi, shule ya upili hakumaliza, akawa anasoma kwa posta. Aliyemsukuma ni Mmarekani aliyekuwa anafundisha watu kusoma hapa Nairobi, Elizabeth Mooney, ambaye alikuwa amemwajiri. Akaandikia vyuo barua baada ya barua hadi Hawaii wakasema njoo. Huyo bila Mooney angekaa na stempu zake.

Sasa turudi kwa anko na vile vidole gumba saba. Mimi nasema hivi: Zoom haikuleta kile anko anafikiri imeleta. Ilitoa mtu wa katikati, ikamweka mwombaji peke yake na waya.

Na huo waya una hadithi. Kabla ya 2009, intaneti yote ya Kenya ilikuwa inapitia setilaiti, ghali na ya kukwama kwama. Mwaka huo ndipo nyaya za baharini SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Kwa hivyo uwezekano wa kuhojiwa kwa video ukiwa Kahawa West una umri wa mtoto wa sekondari. Na waya hukatika. Mwanzoni mwa 2024 nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zikaharibika pamoja huku kusini, intaneti ikawa inatambaa nchi nzima. Mkumbuke pia usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, taifa zima likawa giza, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kama kuna Mkenya alikuwa na intavyuu usiku huo, alimwelezaje profesa wa Ohio kwamba si yeye aliyezimika, ni nchi?

Mboya angepiga simu moja. Angesema, huyo kijana namjua.

Wewe unaandika barua pepe ya kuomba radhi.

Kuna na hii ya saa, ambayo karibu inimalize. Wamarekani hubadilisha saa zao Jumapili ya pili ya Machi. Jumamosi New York iko nyuma yetu kwa masaa nane, Jumatatu ni saba. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halijui hayo mambo. Nilikuwa nimehesabu kwa vidole kwamba saa nane mchana ya kwao ni saa nne usiku kwangu. Ni kalenda ya simu iliyoniokoa siku moja kabla. Bila hiyo ningeingia saa nzima nimechelewa, nimetulia, nikitabasamu, na wao washafunga faili. Na utaeleza nini hapo? Kwamba dunia yao ilisogea usiku wa Jumapili na hakuna aliyekuambia?

Halafu lile giza usoni. Najua wengi mtacheka ile ya meno na miwani, hata mimi nilicheka baadaye. Lakini si stima peke yake. Kamera zina historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanatuma kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, na aliyekuwa kwa hizo kadi ni mwanamke mweupe. Picha ikimtoa yeye vizuri, mashine imekaa sawa. Sisi tulitoka vile tulivyotoka. Zilikuja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali baadaye sana. Kamera za leo ni nafuu, lakini jaribu kukaa mbele ya laptopu ya bei ya chini, dirisha likiwa nyuma yako, uone nani anaonekana. Meza ya Kiano haikuwa na shida ya mwanga.

Pesa sitaki kukaa nayo sana, mnaijua. GRE ni dola 220. Mtihani wa TOEFL, ambao ulianza 1964, miaka miwili kabla ya Wangari kumaliza uzamili wake, bado kuna vyuo vinauagiza kwa Mkenya aliyefundishwa kila kitu kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Kuna wa kufanyia nyumbani tangu 2020, ila lazima uwe peke yako chumbani na mlango umefungwa. Mimi hulala chumba kimoja na ndugu yangu mdogo. Siku ya mtihani wangu alikaa kwa ngazi masaa mawili na kitu, akila njugu.

Sasa msifikiri naimba sifa za zamani. Hapo ndipo nilienda kwa guka.

Guka yuko Murang'a, amepita miaka themanini, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi akastaafu. Nilijua ana kisanduku cha bati chini ya kitanda, lakini sikuwahi kujua kina nini. Nilipomweleza habari ya Zoom na stima, alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nikitoe. Ndani kulikuwa na vyeti, picha, risiti za kahawa, na barua moja imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Barua ya chuo kidogo cha Marekani, mwaka 1960. Wanafurahi kumpa nafasi. Wamemsamehe nusu ya karo. Wanamtarajia mwezi wa Septemba.

Nikakaa kimya. Miaka yangu yote namjua kama mwalimu.

"Ulienda guka?"

"Ningeenda ningekuwa hapa?"

Alipanda basi hadi Nairobi, akaonana na watu waliokuwa wanasaidia wanafunzi. Nani hasa, hakunitajia, na mimi sitamsemea. Anachokumbuka ni kwamba walikuwa watu wazuri, walimkalisha, walisoma barua yake mara mbili. Kiingereza chake hawakuuliza. Cheti chake hawakuuliza sana. Waliuliza kijiji chake kimechanga pesa ngapi. Maana nyakati hizo kila mtu aliyeondoka aliondoka na kijiji: watu walifanya chai za michango, waliuza mbuzi, ng'ombe, magunia ya mahindi. Babake guka alikuwa ametoka kizuizini muda si mrefu na zizi lilikuwa tupu. Akajibu ukweli: hatujachanga kitu. Wakamwambia arudi wakimwita. Hakuna aliyemwita.

Kwa hivyo mtu wa katikati pia hufunga mlango. Zilikuwepo lawama hata wakati huo, kwamba wengi walioenda ni Wakikuyu na Wajaluo, kwamba ukiwa mbali na Nairobi hujulikani na yeyote. Kijana wa Lamu au Marsabit mwaka 1960 angepitia kwa Kiano kwa njia gani? Leo huyo kijana akiwa na simu na bando anaweza kuandikia profesa moja kwa moja, na wako ambao wameandika na wamejibiwa. Hiyo siwezi kuikataa, na sitaki. Ningekuwa mwaka 1960 pengine mimi pia ningerudi Murang'a na barua mfukoni.

Lakini nilimuuliza guka kitu kimoja: ulipoambiwa urudi, uliona aibu? Akasema hapana. Alikasirika, alilia kwa basi, lakini aibu hapana. "Walijua sababu," akasema. "Nilisema hatuna, na kila mtu pale alijua kwa nini hatuna."

Hilo jibu limenikaa. Mimi niliyefika mbali zaidi yake, niliyeonekana uso, niliyepewa dakika arobaini na tano za maprofesa watatu, ndiye niliyeona aibu. Niliona aibu ya stima ambayo sikuizima, kwa sababu upande ule hakuna aliyejua sababu, na nilipoulizwa nikakataa kuwaambia. Yeye alikuwa maskini mbele ya watu waliojua umaskini wake ulitoka wapi. Mimi nilikuwa mbele ya watu wema ambao hawajui, na kazi ya kuwajulisha ilikuwa yangu, na nilikuwa na tai.

Nimezungumza na wenzangu kadhaa walioomba vyuo mwaka huu, na kila mtu ana leso yake. Mmoja alienda kukodi chumba cha hoteli usiku mmoja, pesa ya chakula cha mwezi, ndio apate ukuta mzuri. Mwingine alifanyia kwa gari la rafiki, limeegeshwa nje ya hospitali kwa sababu hospitali ina jenereta na waifai inafika nje. Mwingine alizoea kusema "nasikia echo kidogo" kila muezini alipoanza, badala ya kusema tu kwamba jirani yangu ni msikiti. Tumekuwa mafundi wa kuficha. Na wale wa uzamili ndio wanashangaza zaidi, kwa sababu karibu kila mmoja wetu anaomba kusomea ile shida anayoificha: stima, maji, makazi, afya ya umma.

Kama kuna profesa anasoma Kiswahili na amefika hapa, ombi langu ni dogo. Tumeni maswali siku moja mbele. Andikeni kwenye mwaliko kwamba waya ukikatika mtapiga simu ya kawaida, na mwombaji hataandikwa chochote kwa hilo. Na mtafuteni Mkenya mmoja kwa chuo chenu, hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, akae kwa hicho kikao. Hahitaji kupiga kura. Akae tu pale, na stima ikipotea aseme, hiyo ni kawaida, ngojeni.

Wiki moja baada ya mahojiano niliandikia yule profesa. Nilimwambia nilimjibu vibaya. Nikaeleza ploti, matangi ya juu, mkokoteni wa mitungi, siku za maji, jirani na tochi yake. Ilikuwa ndefu kuliko insha niliyoombea nafasi. Nilipobonyeza kutuma mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu mtu akikuuliza kama ulidanganya, unajitetea, lakini ukijipeleka mwenyewe huna pa kusimama. Alijibu baada ya siku mbili. Alisema hilo ndilo jibu alilokuwa anangoja, na akaniuliza mkokoteni huuza mtungi kwa ngapi.

Barua ya nafasi ilikuja mwezi wa nne. Karo wamesamehe yote. Posho ya kuishi nitaanza kupata nikishafika na kuanza kazi ya kusaidia kufundisha. Nikishafika, ndivyo wameandika. Kabla ya hapo kuna viza dola 185, kuna dola 350 za kusajiliwa kwa mfumo wao wa wanafunzi wa kigeni, na kuna tiketi. Na kwa viza hakuna Zoom. Lazima uende ubalozini Gigiri na miguu yako, usimame mbele ya kioo, na sheria yao ya tangu 1952 inamtaka afisa akuchukulie kama mtu anayetaka kuhamia kabisa hadi umwonyeshe vingine. Dakika chache tu. Huko hata leso haisaidii.

Jumamosi iliyopita nikaenda kumwonyesha guka barua. Nimeichapisha kwa saiba, kwa sababu kwake barua ni karatasi. Akavaa miwani, akaisoma yote kwa kidole, hadi anwani. Akaikunja mara nne, akaniambia nimtolee kisanduku, akaiweka juu ya ile nyingine.

"Na hao watu watatu," akauliza, "walikuuliza nauli?"

"Hapana guka. Hawakuuliza."

Akanyamaza kidogo.

"Ndege ni pesa ngapi siku hizi?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akageukia jikoni, akamwita shosho na kumuuliza yule ng'ombe wa pili anazaa lini.